Siagi ya Kumpaka Ndayikeza

Watu wa Heru Juu walikuwa na utani wao: ukitaka kufika kwa Reverien usiulize njia, fuata pua. Na kweli, ukikaribia ule ua wa minyaa, harufu ya maziwa yaliyochacha ilikupokea kabla ya mbwa. Ilikuwa harufu kali, yenye moshi ndani yake, na ilitoka kwenye igisabo, kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa kilichoning'inia karibu na kitanda cha mama yake Reverien, Ndayikeza. Wageni walikunja pua. Ndayikeza aliwatazama akasema mtu anayekunja pua kwa maziwa hajawahi kulala njaa.

Pelagia, mke wa Reverien, alikikuta kibuyu hicho siku alipoolewa, na sheria zake akazikuta pia. Hakioshwi kwa sabuni. Hakimwagiwi maji ya moto. Mkishamaliza kusuka mnakisuuza kidogo kwa maji baridi, mnakifukiza moshi, halafu mnabakiza ndani yake mabaki ya mtindi wa jana ili yachachushe maziwa ya leo. Kwa hiyo maziwa ya leo ni mtoto wa maziwa ya jana, na ya jana ni mtoto wa ya juzi, mpaka unafika Burundi, kwenye zizi ambalo hakuna aliyebaki kulikumbuka isipokuwa Ndayikeza na mdogo wake wa Mabamba. Mama yao alikibeba kibuyu hicho mgongoni mwaka ule wa kukimbia vita. Wengine walibeba magodoro. Yeye alibeba mtindi.

Siagi iliyotoka humo haikuwa ya kula. Iliwekwa kwenye kibuyu kidogo na kuachwa iive wiki nyingi, ichachuke hadi ikukate pua, ndipo ikapakwa mwilini: visigino vilivyopasuka kwa baridi ya kiangazi, mtoto aliyezaliwa jana, bibi harusi anayetolewa ndani. Ngozi ya Ndayikeza yenyewe ilikuwa tangazo tosha. Uzee ulimkamata magoti na meno, lakini ngozi uliiogopa.

Na alikuwa na ombi moja, ambalo Pelagia alilisikia mara nyingi hadi akalijua kwa moyo.

"Mwana wanje," yaani mwanangu, alikuwa akisema, "mama yangu alifia njiani, tumeshavuka mto Malagarasi, kule Mabamba. Hatukuwa na sanda wala sabuni. Mimi msichana tu, nikaingiza mkono kwenye igisabo, nikatoa siagi, nikampaka mwili mzima. Akaenda ananukia nyumbani. Sasa mimi nikimfuata atanijuaje? Aliniacha binti mbichi. Leo nina mvi, meno yamekwisha, nimemzidi hata yeye umri. Sura hii hataijua. Siku nikifa mnipake siagi ya kibuyu hiki, anitambue kwa harufu."

"Na mchungaji akikataa, Mama?"

"Mchungaji ana mafuta yake. Mimi nina yangu."

Pelagia alicheka, na akaahidi. Ahadi ya kitu kilichojaa ndani ya nyumba ni rahisi kuitoa kuliko salamu.

Basi akaja Kuruthumu. Au tuseme kweli, Pelagia ndiye aliyemfuata Kuruthumu, dukani kwake mjini Kasulu, alipokwenda kununua kitenge. Kuruthumu aliuza vitenge, udi, liwa na kila aina ya mafuta ya kupaka, na alikuwa na dada yake Dar es Salaam aliyemtumia video za urembo mchana kutwa. Akamshika Pelagia mkono, akaugeuza, akaubonyeza kama anayechagua parachichi.

"Shoga, unapaka nini wewe?"

Pelagia alipomwambia, Kuruthumu alipiga makofi ya furaha. Kumbe dunia nzima ilikuwa imegeuka! Wakorea wanachachusha mchele wanapaka usoni, watu wa Ulaya wanachachusha hiki na kile wanatia kwenye vichupa vidogo, na mabinti wa Dar wanavililia. Kilichochacha ndicho dawa ya ngozi siku hizi. Harufu iliyofanya watoto wa Reverien wachekwe shuleni ilikuwa imepanda ndege, ikazunguka, ikarudi na heshima zake.

Hivyo siagi ya igisabo ikaanza kwenda mjini. Kuruthumu aliichanganya na liwa na marashi ya waridi, akaitia kwenye makopo meupe yenye picha ya ua, na walimu, wauguzi na mabibi harusi wakaigombea. Pelagia alisuka maziwa hadi mabega yakamuuma, lakini aliyapenda maumivu yale. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa mtu mwenye jina lake mjini, si mke wa fulani wala mkwe wa fulani. Walimwita "Mama Siagi" na kumpa kiti. Mtu aliyepewa kiti mara moja hapendi tena kusimama.

Ndayikeza hakukataza. Alisema tu, "Usisahau kuniwekea yangu." Pelagia akajibu, "Siwezi kusahau, Mama." Lakini kila kibuyu kidogo kilipoiva, duka lilikuwa linangoja, naye akajiambia kwamba cha Mama kitakuwa kile kinachofuata.

Kisha lawama zikaanza. Ngozi zinang'aa, ndiyo, lakini marashi hayakumaliza kazi. Mwalimu mmoja alimrudishia Kuruthumu kopo, akasema kila akiingia darasani watoto wanamuuliza kama ametoka zizini.

"Shoga yangu, fanya maarifa," Kuruthumu akasema. "Uchachu ubaki, harufu itoke."

Ni sawa na kumwambia mtu alete mvua aache matope. Lakini Pelagia hakuona hivyo. Aliona kibuyu cheusi ndani kwa moshi wa miaka mingi, na aibu ikampanda usoni, kana kwamba ni yeye anayenuka. Akasubiri Ndayikeza aende kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Akachemsha maji. Akaweka ndani ya kibuyu maji yale ya moto na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akatia changarawe, akatikisa, akamwaga, akatia tena. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya mwisho yalitoka meupe kabisa. Akakianika kibuyu juani, akaunusa mdomo wa kibuyu, hakusikia kitu, na akafurahi. Aliridhika kabisa, maskini, huku akiwa ameua kitu kilichonusurika vita, mto na njaa.

Maziwa aliyotia humo hayakuganda. Maji yalipanda juu, utelezi ukakaa chini, na yote yakanuka kama kitambaa cha kufutia meza. Akamwaga, akatia mengine, yakawa vilevile. Ndipo alipoelewa. Alikwenda sokoni akanunua mtindi wa watu wengine, akautumia kuwa chachu. Safari hii siagi ilitoka, nzuri, ya njano, laini. Akaipeleka puani. Ilikuwa siagi ya nyumba nyingine. Na ile ya zamani yote, hadi ya kwenye kibuyu kidogo, ilikuwa imeshakwenda mjini kwenye makopo meupe.

Kama angemwambia Ndayikeza siku hiyo, hadithi hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa. Angetukanwa, angelia, wangetafuta njia. Lakini Pelagia alikuwa Mama Siagi. Atawaambiaje watu kwamba Mama Siagi hajui kutunza kibuyu? Hata mumewe hakumwambia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na wahenga hawakuwa na mzaha.

Mvua za kwanza zilipoanza, Ndayikeza aliumwa. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Hospitali walimtibu, wakamtibu tena, kisha daktari akamwita Reverien pembeni akamwambia kwa upole wampeleke nyumbani akawe na watu wake. Alilazwa kwenye kitanda chake, igisabo kikining'inia palepale karibu na kichwa. Mafua yalikuwa yamembana tangu siku zile za kuoshwa kibuyu, pua imeziba, na Pelagia, Mungu amsamehe, alishukuru kwa mafua yale.

"Mwana wanje, siagi yangu imeiva?"

"Inaiva, Mama."

"Isichelewe. Mimi sichelewi."

Kesho yake Pelagia alimwambia Reverien kwamba anakwenda Mabamba kumpa mama mdogo habari za mgonjwa. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote. Ndihokubwayo, mdogo wake Ndayikeza, alipoolewa alipewa kibuyu chake kikiwa na chachu kutoka igisabo cha dada yake, kama ilivyo desturi ya nyumba yao kwa kila binti anayeondoka. Ikiwa mtoto wa kibuyu yupo hai, mama yake atafufuka. Pelagia alipanda basi la Kibondo, na pale stendi akachukua bodaboda hadi Mabamba, karibu na mpaka, chupa tupu ikiwa kwenye mkoba wake, imesuuzwa vizuri bila sabuni. Safari hii alikuwa amejifunza.

Alikuta ua umefagiwa, uko kimya. Ndihokubwayo alitoka amenyolewa nywele, kitambaa cheusi kiunoni, na Pelagia akakumbuka kwa kuchelewa: mume wa mama mdogo alikuwa amefariki majuma machache nyuma, na Reverien ndiye aliyekwenda kuzika. Walikuwa bado hawajaganduka, yaani hawajafanya siku ile ya kuondoa msiba.

"Mwihangane, mama mdogo," Pelagia akampa pole.

"Ego," akaitikia, "tunavumilia. Dada yangu hajambo?"

Pelagia akamweleza ugonjwa. Ndihokubwayo akalia kidogo, akajifuta, akasema angekuja kumwona hata kesho, lakini mjane hatoki uani kabla ya kuganduka, isipokuwa kwa kuzika. Kupitia mlango Pelagia alikiona kibuyu kikining'inia, kikubwa, cheusi. Harufu ilimfikia pale alipokaa. Ilikuwa ile ile. Machozi yalimjaa, na Ndihokubwayo akadhani analilia mgonjwa.

"Mama mdogo, nilikuwa naomba chachu kidogo. Nikatie kwenye igisabo cha nyumbani."

Ndihokubwayo akamtazama kwa mshangao. "Chachu? Hiki changu ni mtoto wa hicho chenu. Tangu lini mtoto akamnyonyesha mama yake? Kina nini?"

Swali lilikuwa limefika. Lilikuja lenyewe, taratibu, na kukaa mbele yake kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Maneno machache tu yalihitajika: nimekiua, mama mdogo, kwa maji ya moto. Pelagia akafungua kinywa. Akawaona wanawake wa ukoo waliokaa kwenye mkeka wakimsikiliza. Akakiona kile kiti cha dukani kwa Kuruthumu.

"Hakina kitu," akasema. "Kimepungua nguvu tu. Baridi."

"Aa, baridi! Basi kisogeze karibu na jiko, kitaamka." Ndihokubwayo akamshika goti. "Mwana wanje, usinione mchoyo. Unazijua desturi zetu. Nyumba yenye kilio haitoi maziwa nje ya ua. Ukiyatoa, umetoa na kilio kikakae kwa mwenzako. Naye dada ni mgonjwa. Nimpelekee kilio kitandani? Tukishaganduka nitaileta chachu mwenyewe, kwa mikono yangu. Si mnayo yenu? Mna haraka gani?"

"Hatuna haraka, mama mdogo," Pelagia akasema.

Akarudi na chupa yake tupu. Njia nzima kutoka Kibondo alijifunika kitenge kichwani, na abiria wa jirani alipomuuliza kama anaumwa, alisema ndiyo.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alishuka Kasulu mjini akaenda dukani kwa Kuruthumu, akamwambia mama mkwe anataka kupakwa siagi yake na nyumbani imekwisha. Makopo yalikuwa yameisha pia. Kuruthumu, ambaye ukimwondolea biashara ana roho nyeupe, aliingia chumba cha nyuma akatoka na kopo lake mwenyewe la mezani, limebaki nusu, alama ya kidole ikiwa bado juu yake.

"Mpelekee mama. Mwambie Kuruthumu anamwombea."

Asubuhi Pelagia aliketi kitandani kwa Ndayikeza akafungua kopo. Mafua yalikuwa yameisha. Waridi likatoka kwanza, kisha liwa, kisha, mbali sana, kama mtu anayeita kutoka bonde la pili, ile harufu yenyewe. Akampaka mikono, polepole, kuanzia mabegani. Ngozi iliipokea vizuri. Ndayikeza aliuinua mkono wake mwenyewe hadi puani, akaunusa. Akanusa tena, macho yamefumba, muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Ni yenyewe, Mama?"

Macho yakafunguka, yakamtazama Pelagia usoni. Yalikuwa macho ya mtu mwenye akili zake zote.

"Ego, mwana wanje," akasema. "Ndiyo yenyewe. Asante." Kisha akaugeuzia uso wake ukutani.

Pelagia alitoka nje akapumua. Akajiambia amesikia kwa masikio yake. Mwenye mali ameikubali mali. Alijiambia hivyo akichota maji, akajiambia akipepeta maharage, na kila alivyojiambia ndivyo alivyozidi kuyaona yale macho.

Ndayikeza alifariki asubuhi ya siku ya tatu tangu apakwe, ng'ombe wakikamuliwa.

Mjane wa Mabamba alitoka uani kwake kuja kumzika dada yake. Alifika na bodaboda aliyoikodi kutoka stendi ya Kasulu, vumbi limemjaa kwenye kichwa kilichonyolewa, na hakukaa wala hakunywa maji. Aliingia moja kwa moja chumbani ambako wanawake walikuwa wameshamwosha marehemu na kumfunika shuka. Akapiga magoti. Alipomaliza kulia akanyoosha mkono nyuma bila kutazama.

"Leteni siagi."

Pelagia akaleta kopo jeupe lenye picha ya ua.

Ndihokubwayo alilitazama. Akalifungua, akanusa. Akageuka akakitazama igisabo kilichoning'inia, akanyanyuka, akakichomoa kizibo, akaingiza pua. Akakaa hivyo, halafu akarudisha kizibo taratibu, kama anayefunika uso wa mtu.

"Pelagia, mmekifanya nini?"

Hapo ndipo Pelagia alipolisema, mbele ya mkeka mzima, mbele ya wanawake wa kanisa na wa ukoo, mahali pabaya zaidi pa kulisema. Maji ya moto. Dawa ya nguo. Harufu, na watu wa mjini. Alilia hadi maneno yakashikana.

Ndihokubwayo hakumfokea. Heri angemfokea. Alikaa chini tena, kopo mapajani.

"Ulikuja kwangu," akasema. "Ulikaa uani kwangu. Nikakuuliza kina nini."

"Ego, mama mdogo."

"Ungeniambia kimekufa, ningekupa. Mwiko ni mwiko, lakini huyu alikuwa dada yangu. Ningeuvunja, nikatubu baadaye. Hata marehemu wangu angenielewa. Alikuwa mtu wa kuelewa." Akafuta pua kwa ncha ya kitambaa. "Na hiki ulimpaka akiwa hai?"

"Nilimpaka. Nikamuuliza. Akasema ndiyo yenyewe."

"Dada yangu angeijua siagi ya mama katikati ya soko la Kasulu, amefumba macho. Alikuonea huruma, mwanangu. Alikufa anajua."

Pelagia aliinamisha kichwa hadi kikagusa ukingo wa kitanda. Nje watu walikuwa wameanza wimbo wa kanisa, na Reverien alikuwa akiulizwa kuhusu jeneza. Wakati ulikuwa unakwenda. Chumbani hapakuwa na siagi nyingine, na Mabamba ilikuwa mbali.

Ndihokubwayo akalifunua shuka. Akachota kwa vidole vitatu, akasugua viganja, na harufu ya waridi ikajaa chumba. Akaanza na miguu.

"Njoo," akasema. "Shika mkono wa pili. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja."

Pelagia akasogea. Wakampaka pamoja, mabega, shingo, mgongo, na ngozi ya Ndayikeza ikang'aa kama ya bibi harusi wa mjini. Walipofika usoni Ndihokubwayo alisimama kidogo.

"Mama atamuuliza, wewe ni nani," akasema. Hakuwa akisema na Pelagia. "Basi atajieleza. Tangu tuvuke ule mto, dada yangu amejieleza kambini, amejieleza kijijini, amejieleza kwenye kila meza yenye mtu na kalamu. Nilidhani kule angepumzika."

Akampaka paji la uso, akafunika kopo, akamrudishia Pelagia.